Mlipe fundi kwa kupima, si kwa kukuuzia

KUNA sauti ambayo kila kijana mwenye gari kuukuu na muziki mzito anaijua. Unawasha gari, unafungulia ngoma yako, halafu chini yake unasikia mluzi. Ukikanyaga mafuta, unapanda. Ukiachilia, unashuka. Ni kama mbu aliyeingia kwenye spika akakataa kutoka.

Mbu huyo alinilia pesa miezi mitatu. Fundi wa kwanza aliniuzia filta. Mluzi ukapungua, lakini besi nayo ikaenda. Wa pili akaapa kwamba amplifaya ni feki. Nikanunua nyingine, na mluzi ukabaki palepale. Mwishowe binamu yangu, ambaye hufunga muziki kwenye matatu, akafungua buti, akaangalia pale waya wa athi ulipofungwa, akacheka. Skrubu ilikuwa imekazwa juu ya rangi! Akakwaruza kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga upya kwa bolti. Dakika 15 tu. Kimya.

Mambo ni rahisi ukielezwa. Injini ikinguruma, alteneta inachaji betri, na umeme wake huwa na mawimbi madogo. Athi ya amplifaya ikiwa mbovu, mawimbi hayo hutafuta njia nyingine ya kurudi, yanapita kwenye nyaya za sauti, nawe unayasikia.

Kwa hivyo kabla ya kutoa hata ndururu, fanya haya. Kwanza, chomoa chaja ya simu. Mluzi ukiisha, hasa kama simu ilikuwa imeunganishwa na redio kwa waya, umempata mwizi. Pili, kagua athi: waya uwe mfupi, mnene kama ule wa betri, na ukutane na chuma kitupu. Tatu, zima gari, chomoa nyaya za RCA kwenye amplifaya, kisha uwashe tena. Mluzi ukiendelea, shida iko kwa amplifaya, umeme wake au nyaya za spika. Ukinyamaza, unaingia kupitia nyaya za sauti. Angalia athi ya redio pia, na uhakikishe nyaya hizo hazilali ubavuni mwa waya mkubwa wa betri. Zipitishe upande mwingine wa gari.

Na kama taa zinafifia au ile taa ya betri inawaka kwenye dashibodi, achana na muziki. Peleka alteneta ikapimwe.

Sasa, ni rahisi kuwaita mafundi matapeli. Mimi nasema lawama nusu ni yetu. Ukimwambia fundi "niangalilie tu," unatarajia kumlipa nini? Asante? Saa nzima amelala chini ya dashibodi, halafu unamwambia utarudi kesho. Yeye naye ana kodi na watoto. Basi anajifunza kwamba macho yake hayalipwi, kinacholipwa ni kitu kilicho ndani ya boksi. Ndiyo maana kila ugonjwa dawa yake ni kununua.

Tubadilishe hiyo tabia. Kubaliana na fundi bei ya kupima kabla hajashika bisibisi, na umlipe hata kama dawa ni kukwaruza rangi. Mimi ningemlipa yule wa kwanza vizuri kwa dakika 15 za ukweli, na bado ningebaki na pesa ya mafuta.