Mikeka Tunaijua, Wasukaji Hatuwajui

 

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, akishazipita Kibamba na Kiluvya, hufika Maili Moja, Kibaha, baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 40. Kando ya njia hiyo huziona kazi za mikono ya watu: vitanda vya seremala, vyungu, vikapu, na mikeka iliyokunjwa na kusimamishwa ukutani. Akiuliza bei, ataambiwa. Akiuliza mkeka ule umesukwa na nani, aghalabu muuzaji mwenyewe hajui. Atajibu kwamba umetoka Kisarawe, au Rufiji, na mazungumzo yataishia hapo.

Sisi tunaona kwamba jambo hili, dogo kwa sura yake, limebeba dhulma ambayo Waislamu tumeizoea kiasi cha kutoiona.

Wenye kuijua kazi ya mkeka wanafahamu taabu yake. Ukindu hukatwa porini, huanikwa juani, huchanwa, na sehemu yake huchemshwa katika rangi. Kisha ukili husukwa kidogo kidogo, pima kwa pima, baada ya mama kutoka shamba na kumaliza kupika, na mwishowe kili hizo huungwa kwa kushonwa hadi mkeka utimie. Mkeka mkubwa wenye nakshi ni kazi ya wiki nyingi. Siku mchuuzi anapofika kijijini na pikipiki yake, ndiye anayetaja bei, kwa kuwa ndiye anayeijua Kariakoo. Msukaji hana pa kulinganishia, naye ana ada ya mtoto mbele yake. Hupokea alichopewa.

Hatusemi kwamba mchuuzi ni mwizi. Analipa mafuta, anabeba mzigo, na mikeka ikinyeshewa njiani hasara ni yake. Biashara ni halali. Tunachokitazama ni kwamba mmoja wao anaijua bei na mwingine haijui. Uislamu haukulinyamazia hilo. Katika Hadithi sahihi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kutoka kwenda kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni. Na katika mapokezi ya Muslim, mwenye mali aliyenunuliwa njiani amepewa khiari pindi afikapo sokoni: anaweza kuupitisha mkataba ule au kuuvunja. Miongoni mwa sababu walizozieleza wanazuoni ni kwamba mtu wa msafara hajajua bei, na mwenye kumwahi njiani anaula ujinga wake huo. Basi tujiulize: ikiwa yule aliyekwisha kukaribia lango la mji alilindwa, vipi huyu ambaye msafara wake haujatoka hata uani kwake?

Zamani ungeweza kuwepo udhuru. Kijiji kilikuwa mbali, na maonesho ya Sabasaba huja mara moja tu kwa mwaka, wala si kila msukaji aliyeweza kuyafikia. Leo simu imeingia katika nyumba nyingi, na fedha zimekuwa zikitumwa kwa simu tangu mwaka 2008. Kijana wa nyumba anayepitisha usiku akitazama mpira katika simu yake anaweza, kwa dakika chache, kuupiga picha mkeka wa mama yake, akaandika upana na urefu wake, kijiji ulikosukwa na siku ambayo mwingine utakuwa tayari, akazipeleka habari hizo kwa jamaa waliopo Dar es Salaam, Unguja au Maskati. Tena anaweza kuuliza mikeka ya namna hiyo inauzwaje huko. Hata kama mama ataendelea kumuuzia mchuuzi yule yule, siku hiyo watazungumza wote wawili wakiwa wanaijua bei.

Lipo na jambo la pili, ambalo pengine lina uzito zaidi. Wasukaji wenyewe hawajuani. Mnunuzi akitaka mikeka 40 ya kipimo kimoja kwa ajili ya walima au msikiti, mama mmoja hawezi kuitimiza. Wanne wa Kisarawe na sita wa Kibaha wanaweza, wakiwa wamefahamiana, wamekubaliana juu ya upana na rangi, na wameaminiana kwamba hakuna atakayeshusha bei kwa siri. Akina mama hawa hukutana kila wiki katika madarasa yao ya dini. Hatuoni kwa nini, baada ya darsa, wasizungumzie na ukili. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya wenye viwanda vidogo kama hawa, na kikundi kilichojipanga hubisha hodi kwa nguvu zaidi kuliko mtu mmoja.

Baadhi ya ndugu zetu wanachelea. Wanasema kujitangaza ni riyaa, na kwamba mwanamke wa Kiislamu hafai kuanikwa machoni pa watu. Hofu yao tunaiheshimu, lakini tunadhani imekosea mahali pa kukaa. Riyaa ni mtu kuifanya ibada ili asifiwe na watu. Kumweleza mnunuzi unachokiuza ni sharti la uuzaji ulio sahihi. Na picha inayohitajika ni ya mkeka. Bi Khadija (R.A.) aliiendesha biashara yake kupitia kwa watu aliowaamini, na Bi Zainab bint Jahsh (R.A.) alijulikana kwa kazi ya mikono yake, akitengeneza ngozi na kushona, na kilichopatikana akikitoa sadaka. Hatukupata kusikia kwamba stara yao ilipungua.

Tena ipo Hadithi ambayo fundi yeyote angependa kuisikia. Watu walibishana kuhusu mimbari ya Mtume (S.A.W.), imetengenezwa kwa mti gani, wakamwendea sahaba Sahl bin Sa'd (R.A.). Akawaeleza ni mti wa aina gani na umetoka pori gani, na kwamba iliundwa na fundi aliyekuwa chini ya bibi mmoja wa Madina, ambaye Mtume mwenyewe alimpelekea ujumbe wa kumwagiza kazi hiyo. Mti, mahali ulikotoka, na aliyeuchonga: mambo matatu ambayo mikeka yetu haina hata moja lililoandikwa. Nasi pwani tunao mfano wa upande wa pili. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa katika jiwe la tumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Yanamtaja aliyeamuru ujenzi. Mkono uliochonga herufi zile hatuna jina lake.

Faida ya jina, akina mama wanaijua pengine kuliko sisi tunaoandika. Wanapokwenda dukani kununua kanga, wengi huitazama pindo kwanza kutafuta alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Alama ile imepita mikononi mwa mabibi, mama na wajukuu, na imeaminiwa kwa sababu anayeitafuta hujua anachokipata. Kipande cha kitambaa kilichoshonwa nyuma ya mkeka, chenye jina la msukaji na kijiji chake, hakigharimu kitu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 nayo inazitambua kazi za ufundi wa mikono, ingawa asiye na jina juu ya kazi yake atapata tabu kuidai.

Jina, hata hivyo, ni mzigo. Aliyejulikana kwa mkeka mzuri hawezi tena kuficha ukili uliooza katikati ya mkunjo. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono wake katika rundo la chakula sokoni na kukuta umajimaji chini, alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, kisha akamkana mwenye kughushi. Picha ya simu inaweza kughushi vilevile: rangi ikang'arishwa, kasoro ikaachwa nje. Anayeonesha kazi yake na aoneshe na pale ilipofumuka.

Tukimaliza na wasukaji, tunazigeukia kamati za misikiti, na hapa hatutaona haya kusema. Misikiti mingi iliyokuwa ikitandikwa majamvi yaliyosukwa na majirani zake leo imetandikwa plastiki iliyovuka bahari. Plastiki ni nyepesi kuosha, hilo tunakubali. Lakini katika baadhi ya misikiti hiyo sanduku la mayatima hupitishwa kila Ijumaa, na huenda mama wa mayatima hao anakaa nyumba ya tatu akiwa na kili alizokosa mnunuzi. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Mikeka ya futari na ya kutandika uani wakati wa tarawehe huhitajika kila mwaka, na haisukwi kwa usiku mmoja. Kamati ya Maili Moja, ya Kisarawe au ya popote itakayotaka kununua kwa jirani, basi impelekee oda yake mwezi wa Rajabu, kwa vipimo vilivyoandikwa na malipo ya mwanzo yatakayotosha kununulia ukindu na rangi.

Wabillahi tawfiq.