Mti Nao Unataka Msimamizi



Juma hili twajibu swali la kijana mmoja, mwanafunzi wa upande wa Kabambare. Yeye na wenzake walipanda miche ya miti ya kienyeji nyuma ya shule yao siku ya kitaifa ya mti, ambayo nchini Kongo huadhimishwa kila mwaka tarehe 5 Desemba. Siku hiyo watu waliimba, wakubwa walihutubu, na kila darasa lilishika jembe. Mvua ikanyesha, miche ikachipua. Kisha kiangazi kikaja. Shule ilipofunguliwa tena mwezi wa Septemba, vijana walikuta vijiti vikavu, na vingine vimeungua. Ndipo akauliza: "Je, ardhi yetu imelaaniwa? Au tulichaguliwa miti mibaya?"

Mwanangu, ardhi yenu haikulaaniwa, wala miti haikuwa mibaya. Miche yenu ilipata siku moja ya heshima, na baada yake miezi tisa ya upweke. Fikirini habari ya ubatizo. Kanisa halimbatizi mtoto na kumwacha mlangoni. Humpa msimamizi, ili sherehe ikiisha awepo mtu wa kumwangalia. Mti nao unataka msimamizi. Hilo ndilo neno letu la leo. Na sasa tueleze kazi ya msimamizi huyo.

UDONGO WETU

Kwanza tuujue udongo, maana mganga mwema hutambua ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Toka Kasongo kwenda Kabambare, hata ng'ambo ya mto Luama, msafiri hukanyaga ardhi nyekundu mahali pengi. Wekundu huo ni kama kutu ya chuma. Kwa miaka maelfu mvua kubwa imeuosha udongo huu, ikachukua chokaa na chumvi nyingine zilizo chakula cha mimea, ikaacha chuma na alumini. Kwa hiyo udongo umekuwa mchachu. Hata fosfati kidogo iliyobaki hushikwa na chuma hicho, mizizi isiweze kuipata kwa urahisi. Na mahali pengine, chini ya udongo mwembamba, lipo tabaka gumu la changarawe nyekundu. Jembe hulia linapoligusa.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa udongo ni maskini hivi, mbona msitu ni mnene hivi? Sababu ni kwamba msitu hauweki akiba yake chini sana. Huiweka katika miti yenyewe na katika majani yaozayo juu ya ardhi. Jani huanguka, huoza, na mizizi iliyo karibu hulipokea mara. Tukikata miti yote, tukachoma nyasi kila mwaka, tukalima mahali pale pale bila kupumzisha, akiba hiyo hupotea upesi. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ililazimisha watu kulima pamba, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotangulia. Leo sisi wenyewe twaongeza makaa na matofali ya kuchoma. Na huko Salamabila yako mashimo ya dhahabu, ambako udongo wa chini usio na uhai hutupwa juu ya udongo mzuri.

Basi tufanye nini? Tusome Injili ya Luka, sura ya 13. Mwenye shamba alitaka kuukata mtini usiozaa, lakini mtunza shamba aliuombea mwaka mmoja zaidi, apate kuchimba kuuzunguka na kuutia mbolea. Tazameni vema: mtu yule hakuomba shamba jingine, wala hakuomba mti mwingine. Aliomba muda, na kazi akaitwaa yeye mwenyewe.

KAZI YA MSIMAMIZI

Kwanza, ajue majira. Kwetu mvua hurudi mwezi wa Septemba, na kiangazi hushika tangu Juni hata Agosti. Mche uliopandwa Oktoba una miezi saba au minane ya kushusha mizizi kabla ya ukame. Uliopandwa Machi una michache mno. Ikiwa shule yenu hungoja Desemba, mashimo yachimbwe mapema, na miche iwe tayari kitaluni, yenye afya na mizizi iliyonyoka.

Pili, achimbe shimo la kweli. Tundu la kutosha ncha ya jembe ni kaburi la mche. Shimo liwe la mraba, karibu sentimita 50 kila upande na kwenda chini, maana katika shimo la mviringo lenye kuta laini mizizi huzunguka kama nyoka ndani ya chungu. Tabaka gumu livunjwe kwa sururu. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Kisha udongo wa juu uchanganywe na mboji iliyooza sawasawa pamoja na konzi moja ya majivu, urudishwe kuzunguka mizizi. Samadi mbichi isitiwe, kwa kuwa huunguza. Mche ukae kimo kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, shingo yake isizikwe. Penye mteremko, jenga upande wa chini ukingo wa udongo wenye umbo la mwezi mwandamo, upate kushika maji ya mvua. Bondeni mahali maji yanapotuama, panda juu ya tuta.

Tatu, alete udongo wa mti mama. Mizizi ya miti mingi huishi kwa ushirika na nyuzi nyembamba mno za jamii ya uyoga. Nyuzi hizo hupenya mahali mizizi isipofika, zikaleta fosfati na maji. Mti nao huzilipa kwa sukari itengenezwayo na majani. Mama zetu waokotao uyoga mvua zinapoanza wajua kwamba uyoga wa aina fulani hauonekani ila chini ya miti ya jamii ya miombo na mikusu. Sababu ndiyo hiyo: uyoga wauonao ni tunda tu, na nyuzi zake zimeshikana na mizizi chini. Katika ardhi iliyolimwa na kuchomwa miaka mingi, marafiki hao wa mti hupungua. Kwa hiyo uendapo kutafuta mbegu, chukua na konzi mbili tatu za udongo chini ya mti mzima wa aina ile ile, uuchanganye na udongo wa kitalu.

Nne, aupe mti wenzake. Miti mingi ya msituni hulelewa utotoni kivulini. Kuitia peke yake katikati ya uwanja mkavu ni kuitia mashakani. Panda mbaazi kuzunguka mche, kwa umbali wa hatua moja. Mbaazi hutoa kivuli chepesi. Majani yake huanguka na kuwa mbolea. Katika mizizi yake mna vifundo vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuilisha mbaazi, na sehemu yake hubaki udongoni. Tena mwaka wa kwanza mama mwenye nyumba hupata kitu cha kutia chunguni, naye ataona shamba hilo lastahili kulindwa. Mikenge nayo, iliyo ya ukoo mmoja na mbaazi, yafaa kuchanganywa na miti mingine.

Tano, auvike, kisha aulinde na moto. Mwezi wa Mei, udongo ungali na unyevu, ng'oa magugu kuuzunguka mche, hasa zile nyasi kali zenye ncha kama sindano na mizizi mirefu myeupe. Halafu tandaza majani makavu, unene wa kiganja, ukiacha nafasi ya kiganja kingine kuzunguka shina, lisioze wala mchwa wasipate daraja. Lakini majani makavu ni chakula cha moto. Kwa hiyo safisheni ukanda wa hatua tano kuzunguka shamba lote, mpaka udongo uonekane. Moto wa mwezi wa Julai hauulizi mti huu ni wa nani.

MTI UNAOPONYA UDONGO

Sasa niwaambie habari itakayowatia moyo. Mwaujua mvule. Wapasua mbao wajua kwamba mara nyingine meno ya msumeno hukatika ndani ya mvule, kwa sababu shina lake lina jiwe. Jiwe hilo si uchawi, ni chokaa. Mwanzoni mwa karne hii, wataalamu waliochunguza mivule ya Kodivaa waliona kwamba mti huu hukusanya kalsiamu toka ardhini, ukaifunga ndani ya mwili wake pamoja na asidi. Matawi na majani yanapooza, nyuzi za uyoga hulifungua fungu hilo, na bakteria huigeuza ile asidi, ikawa chokaa. Basi chini ya mvule wa miaka mingi, katika nchi ya udongo mchachu, walikuta udongo uliokwisha kupoteza uchachu wake.

Mti huo hauombi tuubadilishe udongo wa Maniema kwa ajili yake. Ukisaidiwa kuvuka utoto, baadaye wenyewe utausaidia udongo. Lakini utoto wa mvule una adui: mdudu mdogo afanyaye vinundu katika machipukizi, yakaoza, mti ukadumaa. Ndiyo sababu mashamba ya mivule mitupu, iliyosongamana juani, yamewavunja moyo wapandaji wengi katika Afrika. Mivule ichache iliyotawanywa kati ya miti mingine, chini ya kivuli chepesi, huokoka zaidi.

TUHESABU ILIYO HAI

Wangari Maathai, mwanamke wa Kenya aliyesomeshwa na masista Wakatoliki, alianzisha mwaka 1977 kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika kazi hiyo mama alilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliookoka. Mche uliopandwa na kufa haukumpa kitu. Hekima hiyo yatufaa sana. Shule zetu na parokia zetu huhesabu miti siku ya kupanda, na hesabu huwa nzuri. Tuhesabu mwezi wa Septemba, kiangazi kikiisha. Kila mche upewe mwanafunzi mmoja, jina lake liandikwe katika daftari. Na likizo inapofika, aliye jirani na shule ashike zamu. Viangazi vitatu vikipita, mti mwingi huweza kujisimamia.

Najua wako watakaotikisa kichwa. Mama mmoja wa Kabambare aliniambia baada ya Misa: "Mwalimu, sisi tumekimbia mara tatu. Nyumba tuliiacha, mbuzi tuliwaacha. Wataka nipande mti ambao hata mjukuu wangu labda hataupasua mbao?"

Nilinyamaza kwanza, kwa kuwa mama yule alisema kweli. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi wa nchi hii wamebeba watoto mgongoni usiku, wala mti haumzuii mwenye bunduki. Kisha nikamjibu: "Mama, mbuzi huibiwa, na nyumba huchomwa. Lakini mti uliokwisha kushusha mizizi hungoja. Tazama miembe ya Kasongo na Nyangwe. Mbegu zake zililetwa na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Watu wale walitenda maovu makubwa, waliuza wanadamu. Na mwaka 1893 Kasongo ikatekwa, wakatawanyika. Lakini mwembe ulibaki, ukawalisha watoto ambao hawakujua aliyeupanda. Ikiwa mti uliopandwa na mikono ile umetufaa, je, ule utakaopandwa na mikono yako?"

Mama hakunijibu. Aliniuliza tu mbegu za mbaazi zapatikana wapi.

Neno la mwisho kwa wazazi. Kabla ya kupanda, mwulizeni chifu na wazee wa ukoo, maana kwa mila zetu kupanda mti ni kama kusema kwamba ardhi ni yako, na mti usiwe chanzo cha ugomvi. Tena msiwaachie watoto peke yao kazi hii. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliita dunia nyumba yetu sote; na katika nyumba kila mtu ana zamu ya kufagia.

Nawe kijana wa Kabambare, usikate tamaa. Chimbeni tena mashimo yale yale, kwa maana udongo wake umekwisha kuvunjwa. Nendeni msituni mkatafute mti mama. Andikeni majina katika daftari. Mchumia juani hulia kivulini. Na wewe, ukidumu, hicho kivuli utakuwa umekipanda mwenyewe.

Kwaherini hata juma lijalo.