Ndevu za dada si kichekesho

Wiki iliyopita nilipanda hiace kutoka Kiboriloni kuja Moshi mjini. Mle ndani alikuwepo dada mmoja ana ndevu kidevuni. Si vinyweleo viwili vitatu, ni ndevu hasa. Konda akamwambia, "Mzee, sogea nyuma huko wenzako wakae." Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Nilishuka stendi nikiwa na aibu sana, maana asubuhi ile ile, kabla sijatoka nyumbani, nilikuwa nimesimama mbele ya kioo nanyoa za kwangu.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Nina ndevu. Nazinyoa kwa siri tangu kidato cha tatu na leo nimeichoka siri hii.

Huku kwetu mwanamke mwenye ndevu anasemwa mengi. Wengine watakwambia ana bahati ya pesa, asinyoe zisije zikaondoka na hela. Wengine wanamwita mchawi au jike dume. Bibi yangu wa Kibosho alikuwa nazo, lakini hakuna aliyethubutu kumcheka. Na kwa mtu mzima ni jambo la kawaida: hedhi ikishakoma homoni za kike hupungua, nywele ngumu chache zikajitokeza kidevuni.

Sasa kwa sisi vijana je? Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo, zinatengenezwa kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Zikizidi, vinyweleo laini vya kidevuni, kifuani na tumboni hugeuka kuwa nywele nene nyeusi. Kwa wengine ni urithi tu wa ukoo, hedhi zinakwenda vizuri na hakuna ugonjwa wowote. Lakini sababu inayoongoza ni hali iitwayo PCOS, ambapo homoni huvurugika na yai halipevuki kila mwezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata wanawake 10 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui.

Hapo ndipo kicheko cha konda kinapoacha kuwa utani. Dada anayechekwa hujificha, na anayejificha haendi hospitali. Anaolewa, mimba haishiki, mawifi wanaanza kumwita mgumba. Kumbe dawa za kusaidia yai kupevuka zipo, na wengi hupata watoto! PCOS pia huongeza hatari ya kisukari, na hedhi zikikaa miezi mingi bila kuja, hatari ya saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi hupanda. Ndevu zilikuwa zinatoa taarifa, sisi tukaona kichekesho.

Halafu kuna hili la mkorogo. Krimu zenye steroidi, ukizipaka muda mrefu, huotesha nywele usoni, zinaleta chunusi na kuifanya ngozi iwe nyembamba. Zimepigwa marufuku nchini, lakini bado tunazipaka. Dada anatafuta weupe, anaota ndevu, anaongeza mkorogo kuficha alama za wembe. Tutafika kweli?

Kuhusu wembe, niwatoe hofu. Kunyoa hakuongezi ndevu wala hakuzifanyi nene. Ncha iliyokatwa ndiyo inayokwaruza mkononi. Kung'oa na kutumia nta huweza kutuletea vipele na madoa meusi, sisi wenye ngozi nyeusi. Mionzi ya leza inasaidia, ila iwe mashine inayofaa ngozi nyeusi, na mtu anayejua kazi, vinginevyo utaungua. Dawa za homoni zipo pia, lakini uandikiwe na daktari, maana nyingine ni hatari ukiwa mjamzito. Na uwe na subira, huchukua kama miezi sita kuona tofauti. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata kidogo husaidia kurekebisha hedhi.

Ila ndevu zikija kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, usingoje. Huenda kuna uvimbe unaomwaga homoni. Nenda upimwe haraka.

Kinachonisikitisha ni kwamba hapa hapa Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Watu wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusomea ngozi chini ya mlima wetu. Sisi wa Majengo na Pasua tunakimbilia kwa fundi wa mkorogo!

Mimi hatimaye nilikwenda hospitali. Daktari aliniuliza hedhi zangu zinakwendaje, swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tangu nianze kunyoa. Hakucheka. Nilitoka pale nikiwa mwepesi.

Kwa hiyo akina mama, binti yako akijifungia bafuni na wembe usimgombeze, muulize kuhusu hedhi. Kaka zangu, mnaotaka kuoa wasio na hata kinyweleo, mjue wengi wenu mmeshaoa wanaonyoa. Makonda, nauli mmelipwa, inatosha.

Na wewe dada wa Kiboriloni, kama unasoma hapa, nisamehe. Nilicheka ili wasinitazame mimi.