Omwana wefwe, tishati yako imezaliwa wapi?

Leo sina utani mwingi. Leo tunaongea tishati.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na mnajua vile siasa ya kwetu huanza mapema. Magari yataingia Kimaeti, Mateka, Myanga na Siboti, spika juu, magunia ya tishati nyuma. Mheshimiwa atasimama juu ya gari aseme yeye ni omwana wefwe, mtoto wetu kabisa, amelelewa na ugali wa hapa hapa. Watu watapigania zile tishati. Mama atavaa moja shambani, mzee atavaa nyingine akipeleka maziwa, na ikichakaa itapangusa bodaboda.

Swali langu ni moja tu. Hiyo tishati ilichapwa wapi?

Kama ilichapwa River Road, Nairobi, ikaletwa na basi la usiku, basi wewe ni omwana wefwe wa mdomo. Pesa ililala Nairobi. Kilichofika Bumula ni kitambaa.

Najua kuna mtu ashaanza, "Huyu kijana aliacha yunivasiti, sasa anatufundisha siasa." Ndiyo, niliacha. Karo ilitushinda nyumbani, na hiyo si siri. Siku hizi kazi yangu ni mashine ya hiti-presi na simu ya kurekodi video. Kuna mama kanisani huniuliza kila mara, "Papa, ulienda mpaka yunivasiti ndiyo urudi kupiga pasi?"

Mama, kwa heshima zote, hii si pasi. Pasi ya nyumbani huwezi kujua joto lake kamili, na haina nguvu ya kubana sawasawa. Hiti-presi ina sahani pana, nyingi ni sentimita 38 kwa 38, ina kipimo cha joto na saa ya kuhesabu sekunde. Stika ya DTF unaiweka karibu nyuzi 160, unabana kama sekunde 15, unabandua. Vinaili ni karibu hivyo hivyo, ila lazima uikate ikiwa imegeuzwa kama kwa kioo, la sivyo jina la chama litasomeka kinyume. Sablimesheni ni mambo mengine: nyuzi 200 hivi, karibu dakika nzima, wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi. Na huo uzi lazima uwe poliesta, nguo nyeupe au ya rangi hafifu. Ukiweka kwa pamba, ikifuliwa mara kadhaa picha inaenda na maji. Hiyo ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya, na wako hapa.

Sasa tuvunje visingizio, kimoja kimoja.

Kisingizio cha kwanza: "Nyinyi wa huku hamuwezi oda kubwa." Haya, tufanye hesabu. Tuseme mgombea anataka tishati 5,000. Kubana ni sekunde 15, lakini kuna kutandaza nguo, kuikausha unyevu kwanza, kupanga stika isimame wima, kubandua na kukunja. Weka dakika moja na nusu kwa kila tishati. Hiyo ni tishati 40 kwa saa, 320 kwa siku ya saa nane. Bumula ina wadi saba: South Bukusu, Bumula, Khasoko, Kabula, Kimaeti, West Bukusu na Siboti. Weka mashine moja tu kwa kila wadi. Mnapata 2,240 kwa siku. Siku tatu, 5,000 zimeisha na vijana wameenda kuangalia mpira. Stima hupotea? Hupotea, ndiyo. Basi leta oda wiki mbili mapema, usituletee usiku wa kuamkia mkutano.

Kisingizio cha pili: "Nairobi ni bei rahisi." Hapa nitasema ukweli hata kama unauma biashara yangu. Kama unataka tishati elfu kadhaa zenye mchoro mmoja wa rangi moja au mbili, hiti-presi si chombo cha bei nafuu zaidi. Uchapaji wa skrini unaishinda, kwa sababu fremu ukishaitengeneza, kila tishati inayofuata inakula wino kidogo tu. Hiti-presi inang'ara kwa oda ndogo, kwa majina tofauti tofauti, na kwa picha ya rangi nyingi kama hiyo sura yako unayotaka tuione kifuani.

Lakini skrini nayo si uchawi wa Nairobi. Ni fremu, kitambaa chenye matundu madogo, wino, kibao cha kuvutia wino na mtu mwenye mkono mtulivu. Kwa nini hatuna karakana kubwa za skrini Bumula? Kwa sababu hakuna anayeleta oda kubwa Bumula. Halafu mnatuambia hamleti oda kwa sababu hatuna karakana. Huo mduara mliuchora nyinyi, na oda moja kubwa inaukata.

Kisingizio cha tatu, hiki cha wajuaji: "Hata nyinyi tishati tupu mnatoa Nairobi, stika pia mara nyingi zinaletwa kwa basi, sasa mnabakisha nini?" Swali zuri. Tunabakisha malipo ya mkono. Tuseme shilingi 50 tu kwa kila tishati kwa yule anayebonyeza. Mara 5,000 ni Sh250,000. Hiyo ni pesa inayozunguka Bumula: karo ya mtu, mbolea ya mtu, kodi ya duka, chapati ya mama wa hoteli. Linganisha na ile mia mbili mnayorusha mkutanoni, watu wakanyagane.

Na tafadhali msijibu kwa kutuletea mashine kwa mbwembwe. Hiyo sinema tunaijua. Kikundi cha watu ishirini kinapewa hiti-presi moja, picha zinapigwa, utepe unakatwa, halafu mashine inakaa nyumbani kwa mwenyekiti ikifunikwa na kitambaa cha meza. Mashine bila oda ni chuma kizito tu. Angalia mradi wa NYOTA: vijana 70 kwa kila wadi, Sh50,000 kila mmoja. Kwa wadi zetu saba hao ni vijana 490. Hata wote wakinunua presi kesho asubuhi, nani atawapa cha kuchapa? Na nyinyi wenzangu wa video za "anza na elfu thelathini uwe bosi", muwe mnasema hiyo sehemu pia. Kununua mashine ndiyo rahisi. Kupata oda ya Jumatatu hadi Ijumaa, hapo ndipo vijana wanazama.

Sisi watu wa magharibi tunajua kufiwa na viwanda. Panpaper ya Webuye ilifungwa 2009, mpaka leo kuna wazee wakitaja mwaka huo wanatingisha kichwa. Rivatex ya Eldoret ilianzishwa 1976, ikaanguka, ikabidi Chuo Kikuu cha Moi kiinunue 2007. Wakulima wa miwa wa Bumula hawahitaji mimi niwaeleze habari za Nzoia. Sasa hapa hakuna mtu anakuomba ufufue Panpaper. Tunaomba kazi iletwe kwa mashine inayotoshea juu ya meza. Hata hiyo ni ngumu?

Wala msituambie pesa haipo. Hii ndiyo kaunti iliyojulikana Kenya nzima mwaka 2015 kwa wilbaro kumi, kila moja Sh109,320. Na tarehe 1 Juni 2024 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika hapa kwetu, uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi. Sherehe kama hiyo hula tishati, kofia na mabango. Niambieni vijana wangapi wa Bumula mnaowajua walibonyeza hata moja.

Tena kuna sheria. Tangu 2013 kuna mpango wa AGPO, asilimia 30 ya tenda za serikali zitengewe vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Lakini huwezi kuigusa ukiwa "Kevo wa Prints" bila karatasi. Sajili biashara, chukua PIN ya KRA, tafuta cheti cha kulipa kodi, halafu uombe cheti cha AGPO. Inachosha, najua. Ila tukikosa karatasi, tunawapa sababu ya kutunyima.

Na hapa nigeukie wenzangu wa presi, msidhani mtapona. Kuna watu wanaharibia wote jina. Unaweka sablimesheni kwa pamba na unajua kabisa. Unabana juu juu, kastoma akifua herufi zinainuka kama magamba. Unachukua dipoziti, simu inazima. Halafu unachapa alama ya Nike kwa tishati ya mtumba na kuita ubunifu. Buda, huo ni ughushi, na Kenya ina sheria ya bidhaa ghushi tangu 2008. Chapa jina la rika lako, Bamaina, Bachuma, Basawa. Chapa methali ya kukhu wako. Hizo hakuna atakayekushtaki. Na kabla ya kumpa kastoma oda, fua sampuli mara tatu ukiwa umeigeuza ndani nje. Ikivuka hapo, mwambie ikibanduka arudi.

Nanyi wanunuzi, lawama si ya wanasiasa peke yao. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, familia yenye matanga: tishati 30 za mazishi mnaagiza Nairobi, zinafika maiti ikiwa ishaingia boma na jina la marehemu limekosewa herufi. Ungechapa hapa, ungesimama kando ya mashine ukasoma jina kabla halijabanwa. Wabukusu tunatahiri Agosti ya miaka shufwa, 2022, 2024, 2026. Familia siku hizi zinataka tishati za mtoto wao. Hiyo ni kazi ya nyumbani kabisa. Mtoto atahiriwe Bumula, tishati yake itoke River Road?

Kwa hivyo matakwa ni matatu. Mgombea yeyote, wa udiwani mpaka ugavana, achape angalau nusu ya tishati zake kwenye eneo analoomba kura. Alipe nusu ya pesa kabla na nusu siku ya kuchukua mzigo, si "mtanipata baada ya kura". Na awataje waliochapa, hadharani, kwenye huo mkutano wake.

Sisi wananchi tuna kazi moja. Akifika na gunia, usikimbilie saizi yako. Muulize kwanza, "Mheshimiwa, risiti ni ya wapi?" Akisema Kimaeti, Myanga, Khasoko, mpigie makofi na uvae. Akianza kukohoa, mrudishie gunia lake apeleke kwa waliolichapa, na kura akaombe huko huko.