Aliyerusha na Aondoe

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilichukua mabaki na kueleza kuwa, kwa tathmini ya awali, hiyo ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Vitu kama hivyo hutarajiwa viungue vikiingia hewani au vitue baharini. Hakuna aliyeumia Mukuku, na tunashukuru. Lakini usalama wa wanakijiji hauwezi kuachiwa bahati.

Juu yetu kuna mzigo mkubwa zaidi. Shirika la Anga la Ulaya linakadiria kwamba vipande zaidi ya milioni moja vinavyozidi sentimita moja vinaizunguka Dunia. Vile vya mizingo ya chini huenda kasi ya kilomita 7 hadi 8 kwa sekunde, hivyo hata skrubu inaweza kuangamiza satelaiti. Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, Kosmos 2251 ya Urusi, satelaiti iliyokwisha kufa, iligongana na Iridium 33 ya Marekani iliyokuwa kazini. Miaka miwili kabla ya hapo, China ilikuwa imeilipua kwa kombora satelaiti yake yenyewe, Fengyun-1C. Matukio hayo mawili yaliacha maelfu ya vipande, na kila kipande kinaweza kusababisha mgongano mwingine. Donald Kessler na Burton Cour-Palais wa NASA walitoa onyo hilo tangu 1978.

Njia za kusafisha zimeanza kujaribiwa. Chombo cha RemoveDEBRIS, kilichoongozwa na Chuo Kikuu cha Surrey, kilijaribu wavu mwaka 2018 na chusa mwaka 2019. Mwaka 2024, ADRAS-J cha kampuni ya Kijapani ya Astroscale kilikisogelea hadi mita 15 kipande cha roketi ya H-2A chenye urefu wa mita 11 hivi, kilichoachwa angani tangu 2009. Kazi hiyo ni ngumu: taka haiitikii amri, haitoi ishara ya mahali ilipo, na haikuundiwa pa kushikwa. Hata hivyo, wahandisi wamekwisha kuonyesha kwamba inafikika.

Kinachokwamisha ni malipo. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaacha kila chombo chini ya mamlaka ya nchi iliyokisajili, hata kikifa, kwa hiyo hakuna wa kukigusa bila ridhaa yake. Mkataba wa 1972 kuhusu fidia unamtaka mrushaji alipe madhara yanayotokea ardhini. Kwa msingi huo Kanada iliudai Umoja wa Kisovieti baada ya Kosmos 954 kutawanya mabaki yenye mionzi mwaka 1978, na ikalipwa dola milioni 3 za Kanada. Lakini mikataba hiyo haimtozi chochote anayeacha taka juu mpaka imdhuru mtu.

Tunapendekeza amana, kama ile ya chupa ya soda dukani: mrushaji aweke fedha kabla ya roketi kuondoka, arudishiwe akishusha chombo chake, na akikitelekeza fedha hizo zimlipe atakayekiondoa. Watasema nchi changa zitafungiwa mlango. Hapana, iwapo amana itapimwa kwa uzito wa chombo na muda kitakaobaki juu. Taifa-1, satelaiti ya Kenya iliyorushwa 2023, ilikuwa ndogo sana. Ingelipa kidogo, na mizingo safi ingeifaa sana.

Kenya ni mwanachama wa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, inayokutana Vienna. Iwasilishe pendekezo hili huko, na majirani zake waliunge mkono. Nchi iliyookota pete ya Mukuku ina haki kamili ya kuwauliza warushaji ni nani atakayelipa.