Vitamini si dawa ya kuhara damu

Kuku wa nyama wanapofikisha wiki ya tatu au ya nne, ndipo mfugaji huingia bandani alfajiri na kukuta kinyesi chenye damu kwenye maranda. Mbio hadi duka la dawa za mifugo. Huko hukabidhiwa pakiti mbili: moja ya dawa ya kokisidiosisi, nyingine ya vitamini "za kuwapa nguvu". Zote mbili huishia katika ndoo moja ya maji. Mfugaji anarudi bandani akiamini amefanya lililo bora, na muuzaji amefanya mauzo mawili kwa mteja mmoja.

Pakiti hiyo ya pili ndiyo inayostahili mjadala, kwani si upuuzi mtupu. Vimelea vya Eimeria, vinavyoleta ugonjwa huu, huingia ndani ya chembe hai za utumbo, huzaliana humo na kuzipasua. Mwili wa kuku hujihami kwa kumwaga kemikali kali za oksijeni, ambazo huunguza vimelea lakini huunguza na utumbo wenyewe. Vitamini E, vitamini C na madini ya seleniamu ni antioksidanti, yaani vitu vinavyopunguza ukali wa kemikali hizo.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa kuku waliolishwa seleniamu au vitamini E ya ziada walikufa wachache na kuongezeka uzito zaidi walipoambukizwa Eimeria tenella. Mwaka 1998 wengine wa huko huko walijaribu manjano, kiasi cha asilimia 1 ya chakula. Ilisaidia dhidi ya aina za Eimeria zinazoshambulia utumbo mwembamba, lakini haikufua dafu mbele ya Eimeria tenella, ambayo ndiyo hasa ya kuhara damu. Mkulima wa manjano wa Muheza asianze kusherehekea soko jipya.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Katika majaribio hayo virutubisho vilikuwa ndani ya chakula kabla kuku hawajaambukizwa. Vitamini E hufyonzwa pamoja na mafuta, na hujilimbikiza mwilini polepole. Kuku aliyekwisha kuchanika utumbo hawezi kuifyonza vizuri, na ugonjwa wenyewe huua ndani ya siku chache. Kumwagia vitamini katika maji siku damu ilipoonekana ni kununua bima baada ya nyumba kuungua.

Baya zaidi ni ile ndoo moja. Dawa ya amproliamu, ambayo hutumika sana, hufanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1. Kimelea huipokea kwa kudhani ni chakula chake, kikakosa B1 ya kweli na kudhoofika. Sasa, vitamini nyingi za mchanganyiko zina B1 ndani yake. Mfugaji anayezichanganya na amproliamu anakilisha kimelea kile ambacho dawa ilikusudia kukinyima. Amelipia dawa, kisha amelipia kitu cha kuipunguza nguvu. Vitamini za aina hiyo zisubiri hadi siku za dawa ziishe. Dawa za jamii ya salfa hazina mgongano huo, na vitamini K huweza kusaidia pale kuku wanapovuja damu.

Hesabu ya hasara nayo hupigwa vibaya. Wengi huhesabu mizoga tu. Chukua banda la kuku 200: ikiwa kila aliyepona atapungua gramu 200, zimepotea kilo 40 za nyama ambazo chakula chake kimekwisha kuliwa. Na kwa kuwa kuku wa nyama huuzwa wakiwa na wiki tano au sita, hakuna muda wa kufidia. Mnunuzi humnyanyua kuku kwa mkono, akimwona mwepesi anaondoka, na kila siku ya kumsubiri mwingine ni chakula zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa kokisidiosisi huigharimu dunia zaidi ya pauni bilioni 10 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni ya uzito uliopotea na chakula kilichopotea bure.

Kwa hiyo fedha ya vitamini ina mahali pake, nako ni kwenye gunia la chakula. Dagaa waliochacha na pumba za mpunga zilizokaa muda mrefu huwa na mafuta yaliyoharibika, na mafuta hayo huila vitamini E kabla kuku hajaionja. Seleniamu isipimwe kwa kijiko cha nyumbani, kwani kiasi kinachofaa na kinachodhuru hakiachani sana. Iachwe ndani ya virutubisho vilivyochanganywa na wenye mizani.

Maranda nayo yatazamwe. Mayai ya vimelea hukomaa kwa siku moja au mbili tu penye joto na unyevu, na dawa nyingi za kusafishia banda haziyaui. Chombo cha maji kinachovuja huleta hasara kubwa kuliko bei ya chombo kipya.

Tanzania ina sheria ya vyakula vya mifugo tangu mwaka 2010. Wenye viwanda na waagizaji wangeweza kubanwa waandike kwa Kiswahili, mbele ya pakiti na si nyuma kwa herufi za sisimizi: "Ina vitamini B1. Usichanganye na amproliamu."