Sayari saba hazigongani, sisi tunakariri fomula

Desa la mekanika limezunguka tena kwenye grupu la darasa letu. Nyota moja, sayari moja, fomula ya Kepler, kwisha habari. Jamani, tunaibiwa, na wezi ni sisi wenyewe. Mhadhiri akigusa kitu cha ziada tu, swali la kwanza ni "hii itatoka kwenye mtihani?"

Chukua TRAPPIST-1, nyota ndogo iliyo umbali wa miaka ya mwanga kama 40. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa ina sayari saba, zote zimeisogelea kuliko Utaridi inavyolisogelea Jua. Ya kwanza inamaliza mzunguko kwa siku moja na nusu, ya saba kwa siku karibu 19. Kila moja inamvuta jirani. Sasa zimekaaje mabilioni ya miaka bila kuvurugana?

Jibu ni rezonansi. Ya kwanza ikizunguka mara 8, ya pili huzunguka karibu mara 5. Kisha 5 kwa 3, 3 kwa 2, 3 kwa 2, 4 kwa 3, 3 kwa 2. Mivuto inajirudia kwa mpangilio, na mpangilio huo unazizuia zisikaribiane vibaya. Mnyororo huu ndio uliowawezesha watafiti kukisia mzunguko wa sayari ya saba, kabla data za darubini ya Kepler hazijathibitisha: siku 18.77.

Hapo utasikia mtu anasema basi rezonansi ni amani. Wapi! Uwiano wa 3 kwa 1 na Mshtarii umefagia asteroidi na kuacha pengo kwenye ukanda wao. Pluto nayo inakatiza njia ya Neptuni na hazigongani, shauri ya 3 kwa 2. Kanuni ileile, huku inaua, kule inalinda. Hilo hulidesi, unalikokotoa.

Na vifaa vipo. Data za Kepler ni bure, programu ya REBOUND ni bure, gharama ni bando tu. Ombi langu kwa idara: futeni jaribio moja la darasani, mtupe mradi mmoja wa kukokotoa kwa vikundi. Na sisi tuache kuuliza kama itatoka.

Laptop yangu ni mkweche, lakini juzi iliendesha sayari tatu usiku kucha. Asubuhi nikakuta mbili zimegongana. Bado natafuta sababu, mwenye wazo anitafute pale kantini.